Farasi ni Ijumaa

Aliyeyaanzisha yote haya ni mke wa Kingi, na aliyaanzisha akiwa amepiga magoti anadeki. Ilikuwa Ijumaa alasiri, kwenye ukumbi wa ile shule ya kulipia yenye sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, vigae vinavyoonyesha kila alama ya kiatu kana kwamba vilinunuliwa makusudi kumtesa mfagizi. Mwalimu Mkuu alikuwa anapita na mhasibu wake, na wote wawili waliongea juu ya kichwa cha mwanamke huyo kama vile hayupo. Masanduku kumi yamelala stoo tangu muhula uanze. Wazazi wameshaahidiwa mchezo mpya wa kunoa akili za watoto. Mwalimu aliyekubali kuufundisha amepata kwingine na simu hapokei. Mwalimu Mkuu alilalamika kwamba mji mzima huu amekosa mtu mmoja, mmoja tu, anayeujua mchezo ule wa kwenye ubao.

Mke wa Kingi aliyajua masanduku hayo. Yeye ndiye aliyeyapanga stoo na yeye ndiye aliyekuwa akiyafuta vumbi kila Jumatatu. Juu ya kila sanduku palikuwa na picha ya ubao wa miraba, mweusi mweupe, mweusi mweupe. Ubao wa namna hiyo ulikuwa umelala uvunguni mwa kitanda chake miaka kumi na mitatu. Akainua kichwa na kusema, "Mume wangu anaucheza, Mwalimu. Mtaa wetu mzima hakuna wa kumshinda."

Mwalimu Mkuu alimtazama kama aliyesikia ndoo ikiongea. Miaka minne hakuwahi kumuuliza jina. Alimwita "wewe wa ndoo", na siku moja alimdekisha ukumbi mara ya pili mbele ya darasa zima la nne kwa sababu ya tope ambalo mtoto wa darasa hilohilo ndiye aliyelileta. Lakini mwenye shida hachagui. Alisema achukue sanduku moja ampelekee mumewe, na mume aje Ijumaa ijayo saa nane mchana afundishe darasa moja mbele yake. Akifaa, watazungumza kazi. Alipokuwa amekwisha kumpa mgongo akaongeza, "Na kama umenidanganya, usije hata kuifuata hiyo ndoo."

*

Kingi hakuzaliwa na jina hilo, alilipata kwenye drafti. Drafti ukifikisha kete yako mwisho wa ubao inakuwa kingi, inatembea mbele na nyuma ipendavyo, na yeye alikuwa akizifikisha huko tangu hajaota ndevu. Kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi aliogopwa. Nje ya benchi hilo hakuna aliyekuwa na habari naye. Miezi minane nyuma kiwanda cha sabuni kilileta mashine iliyofanya kazi ya watu kumi na wanne, na yeye alikuwa wa kumi na nne. Tangu hapo nyumba ilisimama kwa mshahara wa ndoo, na kadi ya matibabu ya familia ilikuwa ya ndoo pia. Alikuwa mtu mchangamfu, lakini siku hizi akiulizwa na watu "kazi vipi" alikuwa anajibu "tupo", halafu anageukia jambo jingine.

Kwa hiyo mkewe alipoingia na sanduku kwapani na kumweleza habari yote kwa pumzi moja, Kingi aliruka kutoka kitini. Shule! Afundishe drafti, alipwe, aitwe mwalimu! Alimshika mkewe mabega akamzungusha chumba kizima mpaka meza ikakaribia kuanguka. Binti yao wa darasa la sita, waliyemwita Karani kwa jinsi alivyoandika kila kitu kwenye daftari, aliacha hesabu zake akaja kushangilia. Kingi akafungua sanduku kwa mbwembwe.

Akatoa farasi.

Akamweka mezani. Akatoa mwingine, kisha kitu kama mnara, kisha mtu mwenye kofia iliyopasuka, kisha wawili warefu wenye taji. Akatazama ndani ya sanduku kama anayetafuta kete za kweli zimejificha wapi. Alipoinua uso, furaha yote ilikuwa imemtoka.

"Mama Karani, hawa wenye masikio ni nini?"

Mkewe aliketi kitandani. Alieleza, polepole sasa, kwamba juu ya sanduku palikuwa na ubao tu. Alieleza na ile habari ya ndoo. Hapo Kingi akacheka, maana kicheko ndicho kilichokuja kwanza, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki bali machozi yanamlenga, naye akanyamaza. Mdomo umeponza kichwa, na kichwa chenyewe ndicho kilichokuwa kinalisha nyumba.

Walilijadili jambo hilo jioni nzima. Kurudisha sanduku kesho yake ilikuwa ni kukiri uongo, na Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kutofautisha uongo na kukosea. Kutorudisha ilikuwa ni kwenda kuumbuka Ijumaa mbele ya darasa. Mke alisema ataomba radhi. Kingi alisema radhi ya mwenye ndoo haina mnunuzi. Wakati wao wakivutana, Karani alikuwa ameshaokota ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa chini ya sanduku, yenye herufi ndogo kama sisimizi, ameiinamia na kalamu mkononi.

"Baba, huu si mgumu," alisema. "Una mambo mengi tu. Leo tuwaache hawa wote. Leo ni askari peke yao."

Askari ni wale wadogo wanane wanaosimama mstari wa mbele. Kingi alimtazama mwanawe, akamtazama mkewe, akavuta kiti. Maji wameshayavulia nguo.

*

Sijui kama umewahi kumwona bingwa akifundishwa na mtoto aliyemnunulia viatu mwenyewe. Karani hakuwa na huruma. Kila siku alifika mezani na daftari lake na mpango wake: Jumamosi minara, Jumapili maaskofu, Jumatatu mfalme na malkia, Jumanne farasi. Hakumruhusu baba yake kugusa cha kesho. Kingi akiuliza, "Na huyu je?" aliambiwa, "Huyu bado." Mchana kutwa, mkewe akiwa kazini, mwanamume huyo alikaa peke yake na vipande viwili vitatu mezani, akiongea navyo.

Shida haikuwa akili. Shida ilikuwa drafti. Miaka thelathini na moja ilikuwa imemkaa kwenye vidole. Aliruka juu ya kete za watu badala ya kuzitoa na kukaa mahali pake. Alikwenda pembepembe na kila kitu, hata mnara ambao kazi yake ni kwenda wima au mlalo tu. Mbaya zaidi, alikula. Kwenye drafti, ukipata nafasi ya kula huna hiari, ni sheria, lazima ule hata kama unaona unaingia shimoni. Na mabingwa hushinda kwa njia hiyohiyo, kumlisha mwenzio kimoja ili wewe ule vitatu. Karani akimwekea askari mmoja pale, tayari mkono wa baba umeshafika. Anakula askari, anapoteza malkia. Anakula tena, mfalme anabaki uchi. Mara nne mfululizo.

"Baba, kwenye mchezo huu si lazima kula."

"Najua. Umeshaniambia."

"Sasa mbona umekula?"

Kingi alitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Akasema kwa unyonge kwamba unakwenda wenyewe. Karani alifikiri kidogo, akaandika kitu kwenye daftari, kisha akatoa amri: kuanzia sasa, kabla ya kucheza, baba atakuwa anaukalia. Na baba akaukalia. Kila zamu yake aliuweka mkono wa kulia chini ya paja, akatazama ubao mpaka ahesabu kumi, ndipo autoe. Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hata hivyo Jumatatu hiyo Kingi alipoteza malkia mara moja tu, na furaha aliyokuwa nayo hakuwahi kuipata kwenye ushindi wowote wa benchini.

Jumanne ikaja farasi, na farasi akawashinda wote. Miraba miwili mbele, mmoja pembeni, na anaruka juu ya watu. Kingi aliyeruka watu maisha yake yote, sasa alipotakiwa aruke, hakuweza. Alikwenda mbili na mbili, moja na moja, akazunguka akarudi alikotoka. Mwishowe Karani alichukua chaki akachora miraba uani, mikubwa ya kutosha miguu ya mtu mzima, mmoja akiupaka weupe na mmoja akiuacha uwe mweusi, akamwambia baba, "Wewe ndiye farasi. Ruka."

Wapangaji wenzao wakapata sinema ya bure. Mtu mzima mwenye kitambi chake anaruka uani, mtoto anamhesabia, "Mbili mbele, moja pembeni. Hapana, rudi." Jirani wa chumba cha mwisho alitoka na sufuria mkononi akauliza kama mzee ameanza kuona mambo. Mwingine akasema kukaa bila kazi ni ugonjwa, jamani, tusimcheke. Kingi alilisikia hilo, likamchoma, akaruka tena. Mkewe alikuwa anaanika nguo. Bila hata kugeuka vizuri, kibanio cha nguo mdomoni, alisema, "Umekosea, Baba Karani. Ungeangukia mraba mweupe. Farasi akitoka mweusi anatua mweupe."

Karani akafungua karatasi yake, akasoma, akatazama miraba. Ni kweli. Mama, aliyekuwa hajaketi mezani hata siku moja, alikuwa ameushika mchezo kwa masikio akiwa anapika na kukunja nguo. Kingi alishika kiuno akamtazama mkewe kama siku ile alipomwona mara ya kwanza, na sisemi zaidi.

*

Jumatano aliamua kupima kama anaweza kumfundisha mtu. Akalichukua sanduku hadi kwa kinyozi.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kuwapanga wote ubaoni. Wale mabingwa wa drafti walipoona farasi na minara, kila mmoja alikuwa na maoni yake. Mshona viatu alimruka askofu akala watu wawili kwa mpigo. Muuza magazeti alisema mwenzake ameshindwa kula, basi kete yake itolewe, ndiyo sheria. Kelele zikapanda. Kinyozi mwenyewe aliacha mteja kitini nusu kichwa kimenyolewa, akaja kuamua ugomvi wa mchezo asioujua. Kingi alijaribu kueleza vipande sita kwa wakati mmoja kwa watu sita, akajisikia anazama.

Hapo ndipo alipokumbuka sauti ya mwanawe. Alifuta ubao wote kwa mkono mmoja, akarudisha askari peke yao, wanane huku, wanane kule. "Leo hawa tu," alisema. "Anatembea mbele hatua moja, akitoka nyumbani anaruhusiwa mbili. Anakula pembepembe, kwa mbele. Haruki mtu: anamtoa, anakaa kwake. Na sikilizeni vizuri, si lazima ale. Wa kwanza kufikisha askari mwisho ameshinda."

Kufika mwisho walikujua tangu utoto. Dakika tano baadaye benchi zima lilikuwa limeinamia ubao, watu wanapumuliana shingoni, na yule mteja wa nusu kichwa alikuwa anacheza na kitambaa cha kinyozi shingoni na hataki kurudi kitini. Mshona viatu, mtu ambaye hakuwahi kuacha kula katika maisha yake, alishika askari wake, akamwinua, akasita, akamrudisha. "Huyu ananilisha," alisema taratibu. "Simli." Benchi likalipuka kwa kicheko na makofi. Kingi alirudi nyumbani akitembea upesi mno kwa mtu asiye na haraka.

*

Ijumaa saa nane alisimama mbele ya watoto thelathini na wawili, amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Mwalimu Mkuu alikaa nyuma na daftari jeusi. Nje ya dirisha la ukumbi mkewe alikuwa anafuta kioo kilekile tangu saa saba na nusu, na kioo kilikuwa safi kabla hajaanza.

Mwalimu Mkuu alimuuliza kwanza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba yeye bwana ana uzoefu wa miaka mingapi. "Kwenye ubao huu nina miaka thelathini na moja, Mwalimu," akasema, na si uongo, kwa maana ubao ni uleule. Kioo cha dirisha kikaacha kufutwa.

Kisha akawauliza watoto nani amewahi kucheza drafti kwa vizibo vya soda. Mikono ikapanda yote, hata ya wale waliokatazwa nyumbani kuokota vizibo. Akawaambia yeye pia, tena hao ndio wagumu kuliko wote kufundishika, na anawafahamu kwa sababu yeye ni mmoja wao. Akawaonyesha makosa yao kabla hawajayafanya: mrukaji, mla hovyo, mwenda pembepembe. Alipofika kwa mla hovyo akaukalia mkono wake mbele yao, akahesabu kumi kwa macho ya kuumwa, na darasa likaangua kicheko. Wote thelathini na wawili wakakalia mikono. Akawapa askari tu. Mbao kumi zikawaka moto. Kuna aliyesimama juu ya kiti na kuna aliyelia kwa kushindwa, akafuta machozi akaomba tena. Msichana mwenye miwani akauliza kama askari aliyefika mwisho anaweza kugeuka mfalme wa pili.

Kingi hakujua. Karatasi ya Karani ilikuwa na doa hapo. Alitazama lile daftari jeusi, akasema, "Sijui. Wewe katafute na mimi nikatafute, tuone nani atapata kwanza." Mtoto yule akang'aa uso mzima, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia hivyo.

Dakika zilipokwisha, Kingi alichukua farasi mmoja kutoka sandukuni akamwinua juu. Akawaambia huyu ndiye peke yake anayeruka watu, na mwendo wake hakuna mwingine unaofanana nao, na kwamba yeye mwenyewe ulimshinda siku nzima. Wakaanza kupiga kelele awaonyeshe. Akamrudisha sandukuni akafunga kifuniko. "Farasi ni Ijumaa," alisema.

*

Ofisini, Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwingine. Alisema ameridhika. Kazi ipo: alasiri mbili kwa wiki, hadi muhula uishe, ataitwa mwalimu na atakuwa na kiti chake kwenye chumba cha walimu. Akasukuma karatasi mezani na kalamu juu yake. Kisha akamwita na mke aingie, maana kuna jambo dogo la utaratibu. Shule haiajiri mume na mke. Mmoja atapisha, na bila shaka ni huyu wa ndoo. Wafagizi ni wengi. Aache sare Jumatatu.

Alilisema kama mtu anayeomba mlango ufungwe. Mke wa Kingi alisimama na ndoo yake karibu na mlango. Alimwona mumewe anavyoitazama ile kalamu. Alikuwa amemwona miezi minane akijibu "tupo", na moyoni akaamua kwamba kama ni yeye wa kupisha, apishe, watajua mbele ya safari. Alifungua mdomo amwambie achukue.

Ndipo akauona mkono wa kulia wa mumewe ukiondoka mezani, ukashuka, ukaingia chini ya paja.

Kingi alikaa hivyo kitambo. Midomo ilikuwa inahesabu. Aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na aliona vizuri kabisa kilicho nyuma yake: muhula utaisha, kiti kitaondolewa, na kadi ya matibabu itakuwa imeshakwenda na sare. Atakula kimoja, nyumba itatoa vitatu.

"Mwalimu," alisema, "kwenye mchezo wangu wa zamani ningekula hapo hapo, sheria ingenilazimisha. Huu mnaonitaka nifundishe, si lazima. Nakushukuru sana. Kwa masharti hayo siwezi."

Mwalimu Mkuu alimwambia afikirie vizuri, nafasi haziji mara mbili. Kingi akasimama, akaaga kwa heshima, akalisukuma sanduku mezani upande wake. Hesabu yake ilikuwa kamili, hata farasi wote wanne.

Walifika kwenye uchochoro wao. Hapo hasira na furaha zikamtoka mkewe kwa pamoja. Alimwuliza kama ana akili timamu, kazi imeletwa kwenye sahani akairudisha, na kisha akamshika mkono uleule wa kulia akaubana, hakuuachia hadi mlangoni. Karani alikuwa amekaa kizingitini anawasubiri na daftari lake. Alisikiliza habari yote hadi mwisho, asiulize kuhusu mshahara wala kiti.

"Uliukalia, Baba?"

"Niliukalia."

Karani aliandika.

*

Jumatatu asubuhi watoto thelathini na wawili walimuuliza mwalimu wao wa hesabu farasi anaendaje. Hakujua. Walimuuliza wa sayansi, akawaambia wanyamaze. Saa ya mapumziko ukumbi ulijaa; kila mtoto alikuwa na njia yake ya kumwendesha farasi, na wawili walipigana kwa ajili hiyo. Jumanne wazazi wakaanza kupiga simu. Mtoto wangu halali, ni farasi gani huyu? Yule mwalimu mpya, mbona mzuri sana, yuko wapi? Msichana mwenye miwani alipeleka barua ofisini, kwamba jibu la askari ameshalipata na anataka kulinganisha na la mwalimu.

Kule kwa kinyozi walimuuliza Kingi kama alikuwa amewalisha watu wa shule kwa makusudi. Alicheka tu akasema zamu ni ya nani. Mpaka leo hajajibu.

Jumatano alasiri mke wa Kingi alikuwa anadeki ukumbi, sare yake mwilini bado, maana Jumatatu ilipita na hakuna aliyemwambia lolote. Akasikia viatu vya Mwalimu Mkuu vikija, vikasimama kando ya maji badala ya kuyakanyaga. Hilo pekee lilimfanya ainue kichwa.

Mwalimu Mkuu alianza na "wewe wa", akakatiza, akatafuta neno jingine, akawa hana. Akasema mumewe aje Ijumaa. Utaratibu umeangaliwa upya. Anayefundisha michezo hahesabiwi kama mwajiriwa wa kudumu, kwa hiyo hakuna wa kumpisha mwenzie. Na hiyo kazi ya ukumbi aendelee nayo, hakuna tatizo. Mke wa Kingi alishukuru, sauti yake imetulia, ingawa ndani alikuwa anapiga vigelegele.

Mwalimu Mkuu hakuondoka. Alitazama huku, akatazama kule, ukumbi ulikuwa mtupu. Akashusha sauti.

"Hivi huyu farasi, anakwendaje hasa?"

Mke wa Kingi alikuwa amesimama kwenye kigae cheusi. Sakafu yote ilikuwa mbele yake, mweusi mweupe, mweusi mweupe, aliyoipigia magoti miaka minne. Miguu ilimwasha. Akakamua tambara, akalitundika kwenye ukingo wa ndoo, akajifuta mikono kwanza.

"Farasi ni Ijumaa, Mwalimu," alisema.

Alisubiri mpaka viatu vile vikafika mwisho wa ukumbi na mlango ukafungwa. Kisha, mama mtu mzima, peke yake, alikunja sketi kidogo akaruka, mbili mbele, moja pembeni, akatua kwenye kigae cheupe ambacho kilikuwa hakijakauka. Alama ya mguu wake ikabaki pale. Siku hiyo hakuifuta.